Elisifa na Shamba la Marejea

Mara ya kwanza nilipomwona Elisifa alikuwa amemkalia mtu kifuani. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, naye bado ni bibi harusi wa wiki tatu. Aliyekaliwa alikuwa mama mmoja mkubwa kuliko yeye, aliyefungulia maji ya mfereji kabla ya zamu yake. Elisifa alikuwa mfupi, mwembamba, na alikuwa akimpiga yule mama kwa kandambili ya yule mama mwenyewe, huku akitaja kosa kwa kila pigo. "Hii ya maji. Hii ya matusi. Hii ya mama yangu uliyemtaja."

Nilimshika bega nikamwambia, "Dada, inatosha."

Akageuka akanitazama. "Na wewe zamu yako ya maji ni lini?"

"Alhamisi."

"Basi ngoja Alhamisi."

Ndivyo tulivyoanza ujirani wetu hapa Kirua Vunjo. Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaomwona leo akienda kanisani, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya khanga, wanadhani alizaliwa mpole.

Mpole alikuwa mume wake, Eliufoo. Kihamba chao huku juu kilikuwa kidogo, migomba na mibuni michache ya kuzunguka nyumba, lakini Eliufoo alikuwa amefyeka nusu eka kule tambarare, chini ya barabara ya Himo, mahali mfereji unapopita. Ni mwendo wa saa mbili kushuka, na saa tatu kupanda ukiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Walizaa watoto wawili. Wa kwanza alichukuliwa na surua, akabaki Gladness peke yake, mtoto wa kike. Shida yote ilitoka hapo, kwa sababu Eliufoo alikuwa na mdogo wake, Gidioni.

Gidioni alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi kihamba cha baba. Alikuwa nacho, kikubwa, chenye kahawa. Lakini miaka ya tisini ilipoingia, kahawa haikuwa kitu tena. Dawa ya kupulizia ilipanda, bei ya kahawa ikashuka, watu wakaanza kung'oa mibuni kimyakimya kama wanaoiba kwao wenyewe. Waliokuwa wanapata kitu ni wenye mboga kule chini: nyanya, kabichi, vitunguu, malori yanawafuata mpaka shambani. Nusu eka yenye maji ikawa ya maana kuliko vihamba viwili vya huku juu, na Gidioni akaanza kushuka kwenda kulitazama shamba la kaka yake kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

Naye alikuwa mtu wa kupiga. Alimvunja taya mwanamume mmoja kwenye mfereji kwa mpini wa koleo. Mke wake, Violet, alikuwa anavaa kilemba mpaka kwenye nyusi, na sote tulijua kilichokuwa chini ya kilemba. Mara moja alimpiga ng'ombe wake ngumi ya utosini, ng'ombe akapiga magoti. Mimi nina watoto watatu wa kiume, na kila Gidioni alipopita njiani kwangu jioni nilikuwa nawahesabu.

Mwaka wa tisini na tano Eliufoo aliugua. Masika yote Elisifa alikuwa hospitali mjini Moshi, analala barazani na wanawake wengine wenye wagonjwa, na shamba la chini halikuguswa. Mwezi wa nane Eliufoo akafariki. Tulimzika kihambani kwake, nyuma ya nyumba. Udongo wa kaburi haujakauka, Gidioni akasimama mbele ya ukoo akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Masika ya kwanza yamekwisha."

Wote tulielewa. Kihamba ni cha nyumba, hakichukuliwi hivi hivi. Lakini shamba la tambarare, katika ukoo ule, lisipoguswa na jembe masika mawili mfululizo linarudi ukooni, na ukoo unampa mwanamume mwingine. Sheria za nchi zina maneno yake, sizijui vizuri. Ninazozijua ni hizi za kwetu. Tena huwezi kudanganya kwa kukwatua kona moja. Mzee mmoja aliwahi kujaribu, ukoo ukamwachia kona ile ile aliyoikwatua. Unachochimba ndicho chako.

Elisifa aliokota bonge la udongo wa kaburi akamrushia Gidioni mdomoni. Ikabidi watu sita kuwatenganisha, pale pale kwenye msiba, mchungaji bado yuko na joho.

Shida ya Elisifa ilikuwa kwamba kuchimba peke yake kusingemsaidia. Lile shamba lilikuwa limechoka. Nyanya za mwaka wa tisini na nne zilitoka na majani ya njano kama mgonjwa wa manjano, matunda kama ndimu. Zamani tulikuwa tunapata mbolea ya chumvichumvi ya bei nafuu pale chama cha ushirika. Sasa ruzuku ilikuwa imeondolewa, na mfuko mmoja wa mbolea kwa mjane ulikuwa kama kununua gari. Samadi ilikuwa ya migomba, na nani ashushe samadi saa mbili kichwani? Akichimba na kupanda hivi hivi atapata hasara, ataazima kwa Gidioni, na Gidioni atalichukua shamba kwa mlango mwingine.

Kule barazani hospitali alikuwa amelala jirani na mama wa Kibosho, Dominika, aliyekuwa akimuuguza mwanawe. Wanawake wenye wagonjwa wanaongea yote usiku. Dominika alimweleza kwamba masista wa parokia yao wanapanda marejea kabla ya kabichi. Ni mmea wa jamii ya kunde, usioliwa, una maua ya njano, na mizizi yake ina vinundu. Vile vinundu vinavuta naitrojeni kutoka hewani, ile ile iliyomo kwenye yurea, na ukiufukia mmea mbichi ardhini udongo unaipata. Baada ya msiba Dominika alimletea mbegu kilo tano, zimefungwa kwenye kitambaa, na maneno ambayo Elisifa aliyarudia kwangu mpaka nikayakariri: "Usifukie kabla ya ua la kwanza, maana mmea bado haujajaa. Usingoje mbegu, maana nguvu yote itahamia kwenye mbegu na shina litakuwa kuni."

Masika ya tisini na sita yalichelewa. Elisifa alikuwa ametoka kuugua malaria, hana nguvu ya jembe, Gladness yuko shule. Akafanya kosa ambalo nililiona na sikulisema. Alizimwaga mbegu kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, juu ya matuta ya zamani, kisha akaburuta tawi la mgunga juu yake ili zifunikwe. Angepanda kwa mistari, kila mpita njia angeona ni kazi ya mkono wa mtu. Marejea yakaota kila mahali, yakafunga, yakafika kiunoni, na kwa mtu asiyejua lilikuwa pori jipya.

Gidioni alijua. Aliuliza watu, akajua. Ndiyo maana mwezi wa nne alikwenda na mundu na kamba, akaanza kuyakata awapelekee ng'ombe wake. Elisifa alimkuta ameshafunga mizigo miwili.

"Shemeji, hayo si majani."

"Si majani? Basi ni nini, nyama?"

"Weka chini."

"Nakusaidia kufyeka pori lako, na bado unanuna. Mjane gani hana shukrani?"

Elisifa akampiga jiwe. Lilimpata sikioni, akapiga yowe, akaja. Niliyasikia haya kwa wakata majani waliokuwa ng'ambo ya mfereji: Gidioni alimpiga teke la tumbo, akamburuta kwa mguu mpaka kwenye maji, akamzamisha uso mara tatu, na mara ya tatu Elisifa akaibuka na kidole gumba cha Gidioni katikati ya meno. Alirudi jioni amelowa, mdomo umepasuka, amebeba mizigo miwili ya marejea mgongoni. Aliishusha nyumbani kwangu akaanza kulia. Nilidhani analilia maumivu.

"Mama Denis, yalikuwa bado wiki sita," akasema. "Kakata yote hayo, bado wiki sita!"

Baada ya hapo kila jirani alikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: chimba sasa. Hata mimi nilimwambia. "Mama Gladi, onyesha jembe. Mengine baadaye." Alikuwa mwanamke asiyejua kungoja kitu. Chai ya moto aliinywa ikiwa moto. Lakini akashika lile neno la ua. Kila siku ya pili alishuka mwendo wa saa mbili, akang'oa shina moja, akavunja vinundu kwa ukucha akaangalia ndani. Vikiwa vyeupe bado havifanyi kazi. Vikiwa vyekundu kama nyama, vinafanya. Akapanda mlima mwendo wa saa tatu, akapita kwangu kunionyesha. Vilikuwa vyekundu. Ua halikuwepo.

Katikati ya mwezi wa tano Gidioni alimleta mwenyekiti wa ukoo, mzee Ndelilio, na msaidizi wake, Basili, waje kushuhudia. Tulishuka na Elisifa.

Ndelilio alisimama pembeni, amekunja suruali, hataki kuingia kwenye umande. "Hili ni nini?"

"Ni zao, meku," Elisifa akasema, maana ndivyo tunavyomwita mzee.

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Linauzwa?"

"Haliuzwi."

"Sasa zao haliliwi, haliuzwi, linafanya nini?"

"Linalisha udongo."

Basili alicheka mpaka akashika mti. "Tangu lini udongo ukala ugali? Mama Gladi, hata sisi hatujashiba."

Elisifa akang'oa shina akavunja kinundu mbele ya macho ya mzee. Ndelilio alikitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa jino la mtoto wa wenzake. Kisha akasema, "Mama, mimi sikutumwa kutazama mizizi. Nimetumwa kutafuta alama ya jembe, na sijaiona."

"Masika hayajakatika."

"Kweli, hayajakatika." Akatazama mawingu upande wa mlima. "Basi nitashuka tena Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita. Kilichochimbwa ni chako. Kisichochimbwa kinarudi."

Gidioni alinyoosha kile kidole gumba chenye kovu la meno akamwonyesha Elisifa, akatabasamu. Usiku ule nililala na watoto wangu wote chumba kimoja, ijapokuwa ugomvi haukuwa wangu.

Ua la kwanza lilitoka Ijumaa, siku tisa kabla ya ile Jumapili. Gladness alikuwa amerudi likizo. Jumatatu tulishuka sisi watatu na majembe mawili, mundu, na sufuria ya kiburu, ndizi na maharage, ambayo bado ilikuwa ya moto. Shamba lilikuwa limechanua njano hapa na pale. Gidioni alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, ananoa panga kwenye jiwe.

"Shikamoo, baba mdogo," Gladness akasema, maana ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Mrudishe mama yako nyumbani."

"Umeamka mapema, shemeji," Elisifa akasema. "Umekuja kunisaidia?"

"Nimekuja kukuonyesha njia. Ulitoka Mwika, na Mwika bado ipo."

"Na wewe ulitoka tumboni kwa mama mkwe wangu, mbona hurudi?"

Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokuwa nakumbuka. "Sikiliza. Jembe likigusa hapa, nitagusa mkono uliolishika. Sikutanii. Mimi na kaka yangu tulikuwa wawili, na yeye hakuacha mwanamume. Huyu," akamnyooshea Gladness panga, "kesho ataolewa, na shamba la baba yangu litalimwa na watu wa Machame. Niishi niyaone hayo?"

"Si la baba yako. Lilifyekwa na Eliufoo, na mimi nikiwa na mimba ya mwezi wa saba nabeba magogo. Wewe ulikuwa unakunywa mbege."

Kisha akainua jembe akalipiga katikati ya mashina.

Pigo la kwanza la panga lilipata mpini. La pili lilipata mkono wa kushoto. Sikusikia yowe, nilisikia sauti ya kukata mgomba, laini, ya maji. Vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, vilianguka kwenye marejea, na nilivitazama nikafikiri, ni vya nani? La tatu lilikuwa linakuja kichwani. Elisifa akalidaka panga kwa kiganja cha kulia, akalishika pale pale kwenye makali, na damu ikashuka mpaka kwenye kiwiko kama mtu aliyevaa shati la mikono mirefu. Walivutana. Gidioni alikuwa anatukana kwa Kichagga, maneno ambayo hayaandikwi. Elisifa hakuachia.

Gladness alimpiga Gidioni kisogoni kwa sufuria, na kiburu chote cha moto kikamwagikia shingoni. Akapiga kelele, akaachia panga, akarudi nyuma, na zile nyasi na mashina mabichi yanateleza. Miguu ikaenda juu, akaanguka chali. Panga liliingia kwenye maji. Na Elisifa alikuwa ameshaokota jembe.

Sikufumba macho. Nilitaka kufumba, lakini niliogopa kutokujua kitakachotokea. Alisimama juu yake, mpini ameukumbatia kwa mikono yote miwili ya damu, jembe limepanda juu ya kichwa chake mwenyewe. Gidioni aliweka mkono usoni akasema, "Shemeji." Neno moja hilo. Nilijua angemuua. Nimemjua tangu siku ya kandambili.

Jembe lilishuka karibu na sikio lake, likazama. Likainuka na bonge la udongo na mashina na mizizi, likapinduka, vinundu juu. Likashuka tena upande wa bega. Tena kwenye mbavu. Tena karibu na goti. Alikuwa anachimba. Alikuwa anamzunguka anachimba, anayafukia marejea, na udongo unamwangukia Gidioni mdomoni na kwenye macho.

"Lala hapo hapo," akamwambia, akihema. "Kila kilichosimama hapa leo nakifukia. Inuka uone."

Hakuinuka. Mtu aliyevunja taya za watu alilala kimya kama kuni, mkojo umelowesha suruali, mpaka jembe lilipompita na kuendelea mbele. Ndipo akajiburuta kwa kiwiko mpaka kwenye mfereji, akavuka, akakimbia. Elisifa alichimba tuta moja, akaanza la pili, akaanguka.

Tulimfunga kwa khanga zetu mbili. Wakata majani walisimamisha pikapu ya vitunguu barabarani. Gladness alitaka kupanda na mama yake, na mama yake akamsukuma kifuani kwa kiwiko.

"Usinifuate. Chimba."

"Mama, unakufa!"

"Nikifa utanizika ukishamaliza. Ua limeshatoka. Chimba!"

Hospitali hawakumgusa mpaka tupitie polisi tupate fomu ya PF3, kwa sababu ni jeraha la kupigwa. Askari aliandika, akauliza nani kafanya, Elisifa akasema atatoa maelezo akipona. Walimshona. Mkono wa kushoto ulibaki na vidole vitatu, na kiganja cha kulia mishipa ilikuwa imekatika, hakifungi. Alikaa siku saba kule, na siku zote saba alichouliza ni kimoja: "Amefika wapi?"

Alikuwa amefika mbali. Yule msichana wa miaka kumi na saba alifyeka na kufukia tangu Jumatatu ile mpaka Jumamosi. Wakata majani walimpokea jembe kwa zamu bila kuombwa. Niliwachukua wanangu wawili wakubwa, nikawasimamisha pembeni na fimbo, watazame njia. Gidioni hakutokea, alikuwa amejificha kwa wajomba zake, anaogopa polisi. Jumamosi jioni shamba lote lilikuwa jeusi, limepinduliwa kutoka mpaka hadi mpaka, na harufu yake ilikuwa kama pombe inayoanza kuchacha.

Jumapili Ndelilio akashuka. Alitembea shamba lote, safari hii aliingia na viatu. Akatafuta yale matuta yenye damu, akayapima kwa hatua.

"Haya ni ya mjane wa Eliufoo, mpaka siku ya kufa kwake," akasema. "Huku kwingine amechimba binti. Jembe la binti ni jembe la mgeni. Ukoo hauwezi kulihesabu."

Tuta moja na nusu. Gladness alikuwa amesimama, viganja vimechubuka mpaka nyama, akamsikiliza, akasema "Asante, babu," akageuka. Mimi ndiye niliyetukana. Naogopa watu wazima, lakini siku ile nilitukana.

Elisifa alirudi Jumatatu. Jumatano asubuhi ukoo ukaja nyumbani kwake, maana askari walikuwa wamesikia kwa watu, wameshafika mara mbili kumuulizia Gidioni, na wakimpata si chini ya miaka saba jela. Alikuja Ndelilio mbele, Basili na kibuyu cha mbege, na nyuma yao Gidioni mwenyewe, shingo imebabuka, macho chini. Ndelilio alikuwa ameshika isale, jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Kwa wasiotoka huku niwaeleze. Mtu aliyekukosea, hata kama amemwaga damu, akileta isale kwako anaomba msamaha, na wewe unalipokea. Kulikataa ni kujiletea laana juu ya watoto wako. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa. Na linapokelewa na mwenyewe aliyekosewa, mwenye haki ile iliyovunjwa.

Elisifa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono yote miwili imefungwa bendeji, iko mapajani kama watoto wawili.

"Mama Gladi," Ndelilio akasema, "tumekuja na isale."

"Karibuni, meku. Nimeliona."

Wakasimama. Mvua ya mwisho mwisho ikaanza kunyunyiza. Elisifa hakunyoosha mkono.

"Basi lipokee, mama."

"Kwa mkono upi? Huu una vidole vitatu, huu haufungi. Vingine mlivyoviacha kule chini nadhani vimeshaliwa na siafu. Nikipokea likaanguka chini ni laana, mnajua wenyewe."

Basili akakohoa. "Tukuwekee mapajani."

"Mapajani huwekwa mtoto. Isale halijawekwa mapajani mwa mtu tangu dunia iumbwe."

"Sasa unakataa?"

"Nani kakataa? Mimi ni Mkristo, tena nina mtoto. Sikatai." Akainua kidevu kuelekea jikoni. "Gladness yupo. Ana mikono. Apokee yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitafuta. Wazee nao walielewa. Walirudi nyuma ya migomba wakaongea kwa Kichagga, chini chini, sauti zinapanda na kushuka. Gidioni hakuweza kuvumilia.

"Binti hapokei isale! Akipokea itakuwa yeye ndiye mwenye—"

"Nyamaza wewe," Ndelilio akasema bila kugeuka. "Au twende wote polisi?"

Mvua ilikuwa inamlowesha mzee, inamdondokea kwenye lile jani. Alirudi taratibu. Gladness alitoka jikoni, akanawa mikono kwenye ndoo, akasimama mbele yao. Hakunyoosha mikono kwanza.

"Shikamoo, babu. Napokea kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya ugomvi wa baba yako mdogo na mama yako."

"Ugomvi wa wapi?"

"Wa shambani."

"Shamba la nani?"

Ndelilio akafuta maji ya mvua usoni. "Shamba la Eliufoo."

"Baba yangu amefariki, babu. Shamba la nani?"

Elisifa hakumtazama mtu. Alikuwa anatazama bendeji zake. Ndelilio akamtazama Gidioni, na Gidioni akatazama njia ya kwenda polisi.

"Lenu," mzee akasema. "Wewe na mama yako. Na mama yako asipokuwepo, lako."

"Lote?"

"Lote lililochimbwa."

Ndipo akalipokea, kwa mikono yote miwili.

Polisi Elisifa alikwenda akasema aliteleza na mundu. Sikupenda, na mpaka leo sipendi. Violet naye aliniambia hakupenda. Alikuwa ameanza kuzoea nyumba isiyo na Gidioni. Lakini haikuchukua mwaka, Gidioni alishindwa kupita njiani watu wakimtazama shingo, akauza ng'ombe akahamia Sanya Juu kukodisha mashamba. Violet alibaki, na kilemba akakipandisha.

Marejea yalioza wiki tatu. Gladness aliacha wiki ya kwanza ya muhula akapanda kabichi, na mimi nilishuka siku ile kubeba miche. Elisifa alikuwa amekaa pembeni juu ya jiwe, mikono haifanyi kazi, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Shimo hilo ni la kabichi au la kisigino? Zamisha! Mama Denis, mwangalie huyu, anakuna shamba, halimi!"

"Mama, kama hutaki, inuka upande mwenyewe."

"Nipande shamba la watu?" Elisifa akasema. "Chimba, wewe. Lako hilo."